Kakodi

Mama wa babu yangu, Pelesia nyar Seme, hakujua kuandika.
Alichokuwa nacho ni neno moja,
kalifunga kama sarafu kwenye pindo la leso:
Kakodi.
"Baba wa mtoto huyu katoka Kakodi,
mji unaonuka mafuta ya kupaka mbao."
Alimwambia mkunga kule landi za reli,
akamwambia na padri,
naye padri akasikia, akachovya kalamu,
akapiga mstari.

Mstari huo ninao.
Cheti cha ubatizo, Kisumu, mwaka wa thelathini na moja.
Mtoto: Zablon. Mama: Pelesia.
Baba: wino mnyoofu kama reli
isiyofika stesheni yoyote.

Tukaitafuta Kakodi kwa miguu.
Si kuna Kajulu? Si kuna Kadibo, na Kanyakwar?
Ka ni kwa fulani, hata mtoto anajua;
basi Kodi huyo nani, na boma lake liko wapi?
Babu Zablon aliendesha baiskeli hadi Ahero, hadi Katito,
nywele za rangi ya kutu zimefichwa kofiani,
akiuliza.
Watu wa Nyakach wakayatazama macho yake ya kijivu,
wakampa uji,
wakamshauri ajaribu ng'ambo ya mto.

Mimi ni karani wa masjala ya ardhi.
Naamini karatasi. Ukija na hadithi ya mpaka
nakuomba ramani, namba ya kiwanja, muhuri.
Kwa hiyo shangazi Yunia aliponikabidhi bati la biskuti
sikulia. Nilipanga vitu kwa tarehe:
kitabu cha akiba cha posta,
risiti ya viatu vya kike, jozi moja,
picha ya wanaume sita mbele ya boila karakana ya bandarini,
na nyuma yake, kwa penseli: W. Imrie, wa tatu.

Nikaandika barua. Nikalipa ada.
Masika yalikuja, yakafurika Nyalenda, yakaondoka.
Bahasha ikafika na mstari mmoja wa maana:
Walter Imrie, fundi wa maboila,
kuzaliwa Kirkcaldy.

Nikalisoma kama tulivyofunzwa shuleni,
kila herufi ipewe haki yake:
Ki-ri-ki-ka-li-di.
Nikamwambia shangazi, nyanya alikosea,
alikuwa msichana, na karakana ina kelele za nyundo.
Shangazi hakujibu. Aliendelea kuchambua omena.

Halafu Jumanne moja, dirisha la tatu,
akaja mzee Rankin wa Milimani,
mwalimu wa hesabu aliyestaafu akasahau kurudi kwao,
kutafuta hati ya kiwanja chake.
Faili lilipokuwa linatafutwa nikamsogezea barua.
"Hapa mahali panaitwaje?"
Akavua miwani. Akasema bila kufungua mdomo vizuri,
kama mtu aliyebana msumari kwa meno:
"Kakodi."

Nikamwomba arudie.
"Kakodi. Hizo herufi nyingine hatuzitumii, zipo tu.
Zamani walitengeneza mazulia ya sakafu pale;
ukipita na treni, mji mzima
mafuta ya kitani."

Watu kumi na wawili walikuwa kwenye foleni.
Niligonga muhuri mahali pasipostahili.
Miaka tisini neno limekaa kinywani mwetu,
limepita kwa watu wasiojua A,
halikupoteza hata pumzi;
na mimi mwenye shahada nilishindwa kulitambua
lilipovaa maandishi.

Kuchezea hati ni kosa, kifungu chake nakijua kwa moyo.
Usiku ule nilichukua penseli, si kalamu,
nikaandika juu ya mstari wa padri
kama alivyotamka yeye, herufi sita.

Shangazi alikitazama cheti kwa muda,
vidole vyake vina magamba ya samaki.
"Nyanya alikwambia," akasema.
Kisha, kwa vile mimi ni mtu wa ardhi:
"Na huko Kakodi, shamba letu
liko upande gani?"